Nyasi zilikauka zote kwenye udongo mweusi wa Nyamasaria. Nianzie wapi upya?

Nyarkano (Kisumu), 11 Januari

Hamjambo wenzangu. Swali langu ni refu, naomba mnivumilie. Afadhali nieleze yote mara moja kuliko mnikisie.

Naishi Nyamasaria, hapa Kisumu. Mbele ya veranda yetu kuna uwanja wa mita 8 kwa 6, unaoanzia ukutani mpaka kwenye mtaro wa barabarani. Udongo ni ule mweusi wa pamba ambao kila mtu wa tambarare ya Kano anaujua: kiangazi unapasuka nyufa mkono ukaingia, mvua ikinyesha unageuka gundi ya kuvua watu viatu.

Baba yangu alipata kiharusi mwaka juzi. Mguu wa kushoto unaburuta. Kila asubuhi anafanya mazoezi ya kutembea kwenye saruji ya veranda, hatua kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi. Mwezi wa saba alianguka palepale akapasuka paji la uso, akashonwa nyuzi tano. Siku hiyo nikaamua lazima apate mahali laini pa kukanyaga. Yeye ni mtu wa shamba, kazaliwa Ahero, amelima mpunga maisha yake yote, na alichoniomba ni kimoja tu: atembee kwenye nyasi bila viatu.

Agosti nikanunua nyasi za mkeka, zile zinazokatwa vipande pamoja na udongo wake na kuja tayari za kijani. Muuzaji alileta vijana wawili. Wakaparua magugu kwa jembe, wakamwaga wilbaro kadhaa za mchanga, wakatandika, na saa nane mchana walikuwa wameshaondoka. Wiki mbili za kwanza uwanja ulipendeza mpaka majirani wakaja kutazama. Wiki ya tatu kingo zikaanza kujikunja. Wiki ya tano kati ya kipande na kipande vidole viwili vinapita. Nilikuwa namwagia maji kila jioni, hata siku za mgao nilinunua ya mkokoteni. Vuli ilipoingia maji yakasimama siku tatu, vipande vya katikati vikanuka kama bwawa. Sasa kijani kilichobaki ni ndago, lile gugu sugu.

Elfu ishirini na mbili zimekwenda, nami ni mwalimu wa shule ya msingi. Sina elfu ishirini na mbili nyingine za kujaribia. Jirani mmoja anasema nichimbe futi moja na nusu, nitupe udongo mweusi wote nijaze mwekundu. Mwingine anasema nichanganye mchanga mwingi zaidi. Nani wa kumsikiliza? Na ni nyasi gani inafaa? Nataka iwe tayari masika yakianza.

Baba Wanjiru (Nakuru), 11 Januari

Dada Nyarkano, pole sana kwa mzee, Mungu amwongezee nguvu.

Mimi niko Lanet. Huku kwetu udongo ni wa volkano, mwepesi kama majivu, kiangazi ni vumbi tupu. Nilitandika nyasi za mkeka mwaka uliopita na zikashika vizuri. Nilichimba kina cha jembe, nikatia mbolea ya ng'ombe na mchanga, nikasawazisha kwa reki, nikabingirisha pipa la lita 200 lililojaa maji nusu ili udongo ushuke, kisha nikatandika. Kwa hiyo mimi naona jirani wa mchanga hayuko mbali na ukweli. Nyasi yangu ni ile aina iitwayo kikuyu. Ikipata mbolea inakua usiku na mchana.

Fundi Omosh (Kisumu), 12 Januari

Mwalimu, poleni nyote nyumbani. Natandika nyasi Kisumu na viunga vyake tangu 2006: Mamboleo, Kibos, Rabuor, Riat, na hapo Nyamasaria kwenyewe ploti nyingi. Nikwambie kwanza kilichoua nyasi zako, kabla hatujashika jembe.

Hazikufa kwa jua, na wala si kwamba ulibana maji. Mizizi haikupata pa kwenda. Vijana wale walitandika mkeka juu ya sakafu. Udongo mweusi ukikauka unanywea, ukilowa unavimba, na kipande ambacho mizizi yake haijashuka kinavutwa nao huku na huku. Ndiyo sababu viungo viliachana. Vuli ilipokuja maji yakakosa njia, mizizi ikakosa hewa, ikaoza. Ile harufu ya bwawa ni mizizi iliyokuwa inaoza.

Jirani wa kwanza anakutakia mema lakini usimfuate. Ukichimba futi moja na nusu ndani ya udongo mweusi ukajaza mwekundu, umetengeneza karai. Maji yatapita upesi kwenye mwekundu, yakifika chini yakute udongo mweusi umeziba kama kitako cha sufuria, yakae hapo. Nimeitwa mara tatu kurekebisha kazi za namna hiyo, na uwanja ukiukanyaga unabonyea kama godoro. Zaidi ya hayo umelipia kutupa udongo na umelipia kuuleta. Kwenye Kano hatushuki, tunapanda. Tunainua uwanja juu ya udongo mweusi na kuuinamisha upande wa mtaro.

Ndugu yangu wa Nakuru amesema kweli kwa udongo wa Nakuru. Wake unapitisha maji hata kupita kiasi, shida yake ni kuyashika, na mbolea ya ng'ombe ndiyo iliyomsaidia. Wa kwetu ni udongo wa mfinyanzi, ule unaonata. Ukiutia mchanga kidogo unapata tofali. Ili mchanga ubadilishe tabia yake lazima uuzidi udongo wenyewe kwa wingi, na gharama hiyo afadhali ununue udongo mzuri ukaumwaga juu.

Na kikuyu, kaka, asili yake ni nyanda za juu. Lanet iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, usiku kuna baridi. Kisumu tuko kama mita 1,130 na joto la ziwa. Kikuyu itamea hapa, lakini itamdai mwalimu maji kila siku. Mahali penye jua siku nzima kwenye joto hili mimi natumia ukoka, ule wa majani membamba. Unavumilia jua, unavumilia kukanyagwa, ukikatwa mfupi unakuwa laini mguuni. Kivulini haufai. Chini ya mti tunaweka nyasi ya Pemba, ile ya majani mapana.

Sasa nisaidie nikusaidie. Chimba shimo moja katikati ya uwanja, upana futi moja na kina futi moja. Lijaze maji, yakiisha lijaze tena, kisha upime yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Niambie pia sakafu ya veranda iko juu ya ardhi kiasi gani, mtaro wa barabarani uko chini kiasi gani, na kama kuna mti.

Mama Nekesa (Bungoma), 13 Januari

Mwalimu, nami nimeguswa na habari za mzee. Mama mkwe wangu alipitia hayohayo.

Naongeza kuhusu pesa. Mimi sikununua mkeka. Nilinunua nyasi za gunia, vile vitawi vyenye mizizi, nikavipanda kwa nafasi ya shibiri moja kila upande mvua ya Aprili ilipotulia ardhini. Mwezi wa saba uwanja ulikuwa umefunga. Gharama yake hata robo ya mkeka haikufika. Kinachotakiwa ni kung'oa magugu kila Jumamosi mpaka nyasi ishinde yenyewe.

Mbolea, usiende mbali. Sisi tulio karibu na viwanda vya sukari tunatumia lile tope jeusi linalobaki wakichuja maji ya miwa. Nyinyi mna viwanda Kibos na Chemelil. Likiwa bichi linachemka na kunuka, linaunguza mizizi. Lipate kukaa miezi mitatu au minne mpaka likishikwa liwe baridi na linukie kama udongo wa msituni. Huku kwetu udongo ni mwekundu na mchachu, kwa hiyo nilitia na chokaa ya shambani inayotoka Koru. Wenu sidhani kama unaihitaji, ila fundi atasema.

Mchwa nao waangaliwe. Mbao zote za mafundi wa ujenzi zilizofukiwa zitolewe, maana ndizo zinazowaita.

Nyarkano, 16 Januari

Asanteni sana. Sikutegemea watu wasionijua wanishughulikie hivi.

Fundi, nimechimba shimo Jumamosi asubuhi nikiwa na mtoto wa dada yangu. Maji ya kwanza yaliingia haraka, nafikiri yalipitia kwenye nyufa. Ya pili yalishuka sentimita 3 kwa saa nne. Kesho yake alfajiri bado yalikuwemo, na chura alikuwa ameshafika.

Tulipokuwa tunachimba tulitoa vipande vya matofali, mfuko wa saruji ulioganda mzima, misumari, na nguzo moja ya mbao iliyoliwa nusu. Mama Nekesa, mchwa walikuwemo kweli.

Veranda iko juu ya ardhi sentimita 45. Mtaro wa barabarani uko chini ya uwanja kama sentimita 40, na una njia, maji hayasimami. Kuna mwembe mmoja kwenye kona ya kushoto. Sehemu nyingine yote ina jua kutoka asubuhi hadi saa kumi na moja.

Swali jingine: mkeka au gunia? Pesa ninayoweza kutenga yote kwa jumla ni elfu thelathini, pamoja na udongo. Lakini baba siwezi kumwambia asubiri mpaka mwezi wa saba.

Fundi Omosh, 17 Januari

Mwalimu, shimo limesema. Sentimita 3 kwa saa nne ni kama hakuna kitu. Hata mbili na nusu kwa saa moja tunahesabu ni mbaya. Ila una bahati mbili, mtaro unaotembea na veranda iliyoinuka. Wengi Nyamasaria hawana hata moja.

Nianze na mkeka au gunia, maana hapo ndipo pesa ilipo. Fanya vyote viwili. Mzee anatembea kwenye mstari. Tandika mkeka upana wa mita moja kutoka ngazi ya veranda kwenda mbele mita 8, hiyo ndiyo njia yake. Ni mita za mraba 8 badala ya 48. Sehemu iliyobaki panda ukoka wa gunia kama alivyosema Mama Nekesa. Lazima iwe nyasi aina moja, mkeka na gunia, ili baadaye usione mpaka. Wiki ya nne mzee atakuwa anakanyaga kwake, huku kwingine kukiendelea kufunga taratibu. Pesa itakayookoka iingie kwenye udongo, kwa sababu udongo ndio uliokosekana mara ya kwanza.

Sasa kazi, na ianze wiki hii. Una wiki nane mpaka masika, na nyingi kati ya hizo ni za ndago.

Ng'oa nyasi zote zilizokufa, toa mabaki ya ujenzi yote. Usimruhusu mtu alete trekta wala jembe la kukatakata. Ndago ina vifundo chini kama shanga, na kila kifundo ukikikata unapata ndago mbili. Mwagia uwanja mtupu maji, kana kwamba umepanda kitu. Ndago itatoka yote. Ikifika majani matano hivi ing'oe kwa foko jembe pamoja na vifundo vyake, au upulize dawa ya glaifoseti ukae wiki mbili. Dawa huipunguza, haiimalizi. Mwagia tena, ngoja itoke tena, rudia. Mara mbili ndiyo uchache, na mara tatu ndiyo ninayopenda mimi. Watu huniona nachelewesha kazi. Lakini ndago ikishapenya katikati ya mkeka hutaitoa bila kuutoboa mkeka wenyewe, na wewe unataka mzee asikute kifundo hata kimoja chini ya unyayo.

Wakati unaisubiri ndago, chimba mifereji miwili kutoka upande wa nyumba kwenda mtaroni, upana wa jembe na kina cha sentimita 40, yote ikiteremka. Jaza kokoto, funika juu kwa gunia la nailoni linalopitisha maji ili udongo usiingie kuziba. Hakikisha mdomo wake unatokea mtaroni. Mfereji usio na mdomo ni karai lingine.

Uinamo: mita moja ishuke sentimita 2. Mita 8 ni sentimita 16. Piga kigingi ukutani na kingine mtaroni, chukua mpira wa maji wa plastiki unaoonekana ndani, ujaze maji, ushikwe huku na huku. Maji ya pande zote mbili hukaa kimo kimoja. Weka alama, kisha kwenye kigingi cha mtaroni pima 16 kwenda chini, funga uzi. Macho yanadanganya, hasa kwenye uwanja unaoonekana tambarare.

Halafu jambo ambalo wengi hawaambiwi: acha sentimita 60 kutoka ukutani bila nyasi kabisa. Weka saruji iliyoinama au kokoto. Udongo mweusi unaomwagiwa maji kila siku karibu na msingi unavimba upande mmoja wa nyumba na kubaki mkavu upande mwingine, na nyumba inapasuka. Pale mzee anaposhukia weka kibao cha saruji kilicho sawa na kimo cha nyasi, asikute ngazi wala tundu. Udongo mpya nao ubaki chini ya sakafu yako kwa sentimita 15 au zaidi. Wewe una 45, nafasi ipo.

Ndago ikishaisha, parua udongo mweusi sentimita 10 tu juu juu. Siku yenyewe ni muhimu. Chukua udongo kiganjani, uviringishe. Ukitoka kamba nyembamba kama penseli, bado una maji, ukilima utatoa matofali. Ukivunjika ukiusukuma kwa kidole gumba, siku imefika. Kwetu siku hiyo huwa ni mbili au tatu tu baada ya maji, kisha unakuwa jiwe. Changanya hapo tope la sukari lililopoa, au mbolea ya ng'ombe iliyooza sawasawa. Mbichi usiguse, ina mbegu za magugu za malisho mazima. Upande wa Ahero wanatupa maganda ya mpunga kwa magunia. Lete magunia kumi ya maganda, yanaulegeza udongo wa mfinyanzi vizuri kuliko mchanga. Mzee atafurahi kuyaona.

Sababu ya kuchanganya hapo ni kwamba udongo mwekundu ukiulaza juu ya mweusi laini kama sahani, mizizi ikifika kwenye mpaka inageuka na kutambaa pembeni. Unataka mpaka uwe na kwaruzo.

Juu yake ndipo uje udongo mpya, sentimita 10 baada ya kushuka. Hesabu ni mita za ujazo 5, lakini udongo uliomwagwa ni wa hewa, nunua 6. Nunua kwa mita za ujazo, usikubali kuambiwa "lori moja", maana lori zinatofautiana. Unaotoka upande wa Maseno na Vihiga ni mzuri, ila uukague kabla haujamwagwa. Mwekundu unaong'aa kama rangi ya ukutani umechimbwa chini kwenye misingi ya majengo, hauna chakula. Unaotaka ni wa kahawia, una vimizizi ndani. Hapo ndipo Mama Nekesa ana haki na chokaa, udongo wa kule huwa mchachu. Konzi moja ya chokaa ya Koru kwa kila mita ya mraba inatosha.

Sawazisha kwa reki, kanyaga kwa visigino uwanja mzima, sawazisha tena. Pipa la kaka wa Nakuru ni zuri sana hapa, kwenye udongo mpya. Mwagia maji, acha wiki moja, uone mabonde yatakayojitokeza, uyajaze. Usitandike siku ya kusawazisha.

Baba Wanjiru, 17 Januari

Fundi, nimejifunza. Nakubali nilikuwa nazungumzia udongo wangu. Dada, ukipata pipa hakikisha kifuniko kimekaza, na usilijaze zaidi ya nusu. Likijaa linakandamiza mno.

Nyarkano, 27 Machi

Fundi, nimefika kwenye siku yenyewe na nina wasiwasi, ukiniona hapa naomba unijibu upesi.

Ndago tulirudia mara tatu. Ya tatu ilitoa vijani kumi na saba tu, nilihesabu. Mifereji imefanya kazi: mvua kubwa ya Jumatatu usiku ilitoka yote na asubuhi hapakuwa na dimbwi. Udongo wa Vihiga umeshuka, mabonde mawili nimeyajaza.

Mkeka umefika saa tatu hii. Nilipoingiza mkono katikati ya rundo nimekuta joto, kama uji uliopoa nusu, na vipande vya ndani vina rangi ya majani ya chai. Muuzaji anasema ni jua la njiani.

Fundi Omosh, 27 Machi

Mwalimu, si jua. Vilikatwa jana au juzi vikarundikwa, vinachemka kama majani ya ng'ombe yaliyofungwa mabichi. Usilipie vya ndani. Kipande kizuri kimekatwa asubuhi hiyohiyo, ukikiinua kwa ncha moja kinaning'inia bila kukatika, kina udongo sentimita 2 hadi 3, na mizizi ni myeupe. Pindua kila kipande, angalia pia bua lenye pembe tatu, hiyo ni ndago inarudi kwa mlango wa mbele. Vizuri vimwagwe maji kidogo viwekwe kivulini, na utandike leo kabla ya jua kuzama. Vingine mwambie alete kesho vikiwa vimekatwa alfajiri.

Udongo uloweshe kwanza, usiwe tope. Anza kwenye kibao cha veranda, mstari ulionyooka wa uzi. Panga kama fundi wa matofali, viungo visikutane. Sukuma kipande kwenye kipande kwa viganja mpaka viguse, ila usikivute kukirefusha, kilichovutwa kitanywea na kurudi. Piga magoti juu ya ubao, usikanyage ulipotandika. Viungo jaza udongo laini kwa vidole. Kisha pigapiga kwa ubao, mwagia palepale. Nusu saa ya jua la Kisumu bila maji inatosha kuua kingo.

Maji ya hiyo njia: lita 5 kwa kila mita ya mraba, yaani mitungi miwili ya lita 20, asubuhi, na nusu yake saa nane mchana kwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili mara moja tu, asubuhi. Mvua ikinyesha acha. Jioni usimwagie, nyasi kulala imelowa huleta ukungu. Chomeka bisibisi ardhini, ikiingia sentimita 10 bila kulazimishwa, maji yanatosha.

Mzee asikanyage kabla ya wiki tatu.

Nyarkano, 27 Machi

Asante Fundi. Muuzaji amechukua vipande kumi na nne vilivyoungua, amekubali kuleta vingine kesho saa mbili. Tumeanza na vilivyo vizuri. Baba ameletewa kiti, ndiye anayeangalia uzi.

Mama Nekesa, 28 Machi

Mwalimu, tunangoja picha. Vitawi vya gunia usiviache juani hata wakati wa kupanda. Viweke kwenye karai lenye maji, utoe kimoja kimoja.

Nyarkano, 9 Mei

Wapendwa, niliahidi kurudi.

Wiki ya tatu niliinua kona ya kipande cha pili kutoka verandani kama Fundi anavyoshauri watu wengine humu, na ikakataa. Nikajaribu cha kati, kikakataa. Cha mwisho karibu na mtaro kilinyanyuka kidogo, nikakiongezea udongo chini na kukipiga ubao. Viungo sasa sivioni mpaka niiname. Vipande viwili karibu na mwembe vimekuwa na rangi hafifu, kivuli ni kingi kuliko nilivyodhani. Hapo nitaweka nyasi ya Pemba mvua isijeisha.

Huku kwingine, vitawi vimeshikana mikono kwa karibu nusu ya uwanja. Ndago nimeng'oa kila Jumamosi. Wiki iliyopita nilipata tatu.

Baba alishuka tarehe 20 Aprili. Nilimshika mkono wa kushoto, mtoto wa dada yangu akashika wa kulia. Alivua ndala mwenyewe, akasimama kwanza, akakunja vidole vya mguu wa kulia kwenye nyasi, kisha akajaribu na vya kushoto, vikasogea kidogo. Sasa anakwenda mpaka mtaroni na kurudi mara nne, kwa fimbo, mimi nikiwa nyuma tu. Wiki jana alijikwaa karibu na mwembe akaketi chini. Hakuumia. Alikaa pale akishika udongo, akaniuliza maganda ya mpunga tulipata kwa nani.

Fundi, majani yamefika sentimita 8. Kijana wa jirani anataka kunikatia kwa fyekeo. Nimruhusu? Na mbolea ya kukuzia niweke lini?

Fundi Omosh, 9 Mei

Mwalimu, nimesoma hii mara mbili. Nisalimie mzee sana.

Fyekeo usikubali. Kijana atakata mpaka kwenye shina, na nyasi changa ikibaki bila jani inaungua kwa siku moja. Tafuta mashine ya kusukuma kwa mkono yenye visu vikali, au makasi makubwa kwa ile njia. Usitoe zaidi ya theluthi moja ya kimo. Nane iwe tano na nusu. Wiki ijayo shuka tena kidogo. Ukoka ukizoea utaukata sentimita 3 na utazidi kuwa laini.

Mbolea ni CAN, ile ya chembechembe ya dukani, gramu 20 kwa mita ya mraba, uwanja mzima ni kama kilo moja. Majani yawe makavu unapomwaga, kisha maji palepale mpaka chembe zote zishuke. Mzee asikanyage siku hiyo.

Nyarkano, 10 Mei

Nimefahamu. Mashine nitaazima shuleni Alhamisi. CAN nimeshapima kilo moja kwenye mfuko, Ijumaa asubuhi namwaga, na baba atatembea verandani siku hiyo moja.